MITI TUNAYOPANDA ILISHE NA NG'OMBE





Hapa Msangeni, katika milima ya Upare, mashamba ni madogo na yako kwenye miteremko. Ng'ombe tunawafuga bandani na kuwakatia majani. Kiangazi kikikaza majani huadimika, na mzigo humwangukia mtoto. Mimi ni mwalimu. Ninapoita majina asubuhi ya Septemba, hujua nani ametumwa majani hata kabla sijauliza.

Kila halmashauri iliagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo hilo ni jema. Lakini miche tunayopata mara nyingi ni ya mbao, kama mikaratusi na migrevilea. Mwenye nusu eka akiipanda anapunguza mahali pa majani. Asipoipanda anaitwa mkaidi. Matokeo yake, mche hupandwa siku ya mgeni rasmi, kisha huachiwa mbuzi.

Tutazame Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986 ukaendelea hadi 2004. Ulifanikiwa ulipofufua ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili iliwe kiangazi. Humo migunga ilichipua yenyewe. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilipita hekta 300,000. Wananchi waliilinda miti kwa sababu ng'ombe wao walikuwa na fungu lao humo.

Sisi hatuna nafasi ya ngitili, lakini tunazo kingo za matuta. Tukipanda hapo milusina, kaliandra na mabingobingo, mizizi itashika udongo, matawi yatalisha ng'ombe, na samadi itarudi kwenye migomba na kahawa. Ila lusina ichanganywe na majani mengine, maana ikizidi humdhuru mnyama.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye mambo mawili. Kwanza, vitalu vya miche vitenge fungu la miti ya malisho, na bwana mifugo ashirikishwe katika kuichagua. Pili, tuhesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi, si iliyopandwa siku ya sherehe. Hapo ndipo tutajua kama tumepanda miti au tumepanda takwimu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Msangeni, Kilimanjaro.