Kisanduku Chetu, Ufunguo Wao

Katika kuzunguka matawi ya chama hapa Dar es Salaam nimezoea kuulizwa habari za maji, za barabara na za ada za shule. Safari hii swali limetoka nyumbani kwetu wenyewe. Mama yangu mkubwa, muuguzi mstaafu akaaye Mbezi, aliniita nikamsomee mkataba wa kengele ya wezi. Alitia sahihi miaka mitatu iliyopita, akautia katika bahasha pamoja na hati ya kiwanja, wala hakuutazama tena. Nami niliyesomea ualimu, kazi yangu kuwafundisha watu wasome, sikumwuliza hata siku moja.

Kisa ni hiki. Usiku wa mvua upepo uliusukuma mlango wa nyuma, king'ora kikalia mtaa mzima. Mama akajifungia chooni na simu yake. Kituo cha kampuni kikampigia baada ya dakika 20 kumwuliza kama yu salama. Gari la doria likafika baada ya saa nzima na robo, askari wawili wakamulika tochi uani, wakamwomba atie sahihi katika daftari. "Mwanangu," aliniambia, "wangekuwa wezi wangekunywa na chai." Kesho yake akakata shauri kuhamia kampuni nyingine.

Hapo ndipo tulipojifunza. Karani wa kampuni ile alitupokea kwa adabu, akatuketisha, kisha akatueleza mambo matatu. Mkataba umejirudia wenyewe kwa mwaka mwingine, kwa kuwa mama hakuandika barua siku 90 kabla ya kwisha. Kisanduku kilicho ukutani ni mali ya kampuni, ijapokuwa mama alilipa ada ya kukifunga. Tena hata akikinunua, namba ya siri ya fundi haitolewi. Tukaenda kwa kampuni mpya. Fundi wao akakitazama kisanduku, akatikisa kichwa, akasema vyote vya kung'oa, kuanzia sumaku za milangoni hadi king'ora, vinunuliwe vipya. Basi mama akawa katikati: mmoja hamwachii, mwingine ataka aanze upya kama mtu asiye na kitu.

Je, ni kweli vyote vilikuwa vya kutupwa? Hapana. Yafaa kila mwenye kengele ajue jinsi inavyofanya kazi, maana mtu asiyejua chombo chake hulipa bei ya ujinga. Sumaku ya mlangoni ni swichi ndogo tu. Jicho la pembeni mwa sebule huona joto la mwili linapopita. Vyote viwili, kama vimeungwa kwa waya, hupeleka habari katika kisanduku, na karibu kisanduku chochote chaweza kuipokea. Vile visivyo na waya ndivyo vyenye shida, kwani mara nyingi husikilizana na vya kiwanda chao tu. Kisanduku kina betri yake ya volti 12 kwa ajili ya siku umeme ukikatika, na sote twajua siku hizo si chache. Kisha kwa simu au kwa redio hukiita kituo.

Na maneno kinayosema si siri ya kampuni yoyote. Ipo lugha iitwayo Contact ID ambayo visanduku vya viwanda vingi huisema na vituo vingi huisikia. Ni tarakimu tupu. Nne za kwanza ni namba ya mteja. Baadaye huja tatu za kueleza tukio: 130 ni mtu ameingia, 110 ni moto, 120 ni kitufe cha dharura kimebonyezwa, 301 ni umeme umekatika. Mwisho hutajwa ni mlango gani. Kwa hiyo kuhama, pale ambapo kisanduku na kituo kipya wanaelewana, kwaweza kuwa ni kubadili namba ya mteja na njia ya kupelekea habari. Kazi hiyo huweza kumchukua fundi asubuhi moja.

Kizuizi ni ile namba ya fundi. Namba ya mama humwezesha kuwasha na kuzima kengele. Namba ya fundi ndiyo huamua kengele imwite nani. Yaani mwenye nyumba hulipa kila mwezi, hulala humo na watoto, lakini hana mamlaka ya kusema sauti ya nyumba yake iende kwa nani! Mtu akiuza baiskeli akabaki na ufunguo wa kufuli, tutasema ameuza nini?

Makampuni yana hoja, nami sitaki kuificha. Husema kifaa hutolewa kwa bei ndogo ili gharama irudi polepole katika malipo ya mwezi. Husema pia kwamba namba ya fundi ikizagaa, kijana wa kazi aliyefukuzwa aweza kuharibu kengele. Hoja ya kwanza ni ya haki, lakini ina mwisho wake: miaka ya mkataba ikitimia, gharama imerudi. Hoja ya pili yanishangaza. Twamkabidhi mtu huyo huyo hati ya nyumba na funguo za geti, kisha tuambiwe kwamba hawezi kutunza tarakimu chache?

Wala hili si jambo la Mbezi peke yake. Biashara hii ilianzia Marekani, ambako Edwin Holmes alinunua haki ya kengele ya umeme mwaka 1857, akaiendeleza mjini Boston. Ilipofika mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilikata kesi ya kampuni iitwayo Grinnell. Makampuni matatu yaliyokuwa chini yake yalishika zaidi ya asilimia 87 ya kazi ya vituo vilivyoidhinishwa vya kupokea ishara za wizi na moto. Mahakama iliona kwamba bei zilipunguzwa palipo na mshindani, zikapandishwa pasipo na mshindani, ikahukumu kuwa huo ni ukiritimba uliovunja sheria. Sitaji habari hii ili tuige mahakama za wengine. Nataka tuone tu kwamba mteja asiyeweza kuondoka hupandishiwa bei, awe Boston au awe Mbezi.

Sisi tulifanya hivi. Mama aliandika barua ya kuacha mkataba, nikaipeleka kwa mkono na nakala ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Hatukuzima cha zamani kwanza, ingawa kulipa kampuni mbili kwa muda kuliuma. Fundi wa pili tuliyempata, kijana mwenye subira, aliacha waya, sumaku na macho yote mahali pake, akabadili kisanduku na redio tu. Kabla mama hajatia sahihi, niliandika kwa kalamu pembeni ya mkataba: kisanduku ni mali ya mwenye nyumba, na namba ya fundi atapewa siku mkataba ukiisha. Meneja alikuna kichwa, akasema hajapata kuombwa hivyo, kisha akatia sahihi. Ndugu zangu, hajapata kuombwa! Wangapi wametia sahihi pale bila kuomba?

Tulijaribu kila mlango mmoja mmoja, huku mama akiwa kwenye simu na kituo wakimtajia mlango waliouona. Tukazima umeme saa tatu usiku tuone kama betri itahimili. Tukabadili namba zote za kuwashia, ikiwamo ya dada wa kazi aliyeondoka mwaka jana, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba bado inafanya kazi. Tukadai funguo za geti kwa kampuni ya zamani. Ikachukua majuma mawili na safari tatu. Tulipobonyeza kitufe cha dharura bila kuwapa habari askari wa gari, ila kituo tu, walifika kwa dakika 11.

Malipo ya kampuni ya zamani mama bado anayo hadi mwisho wa mwaka, maana sahihi ni yake na hataki kuikana. Kibao chao nacho kingali kimening'inia getini. Nilitaka kukitoa Jumapili iliyopita, akanikataza. Mkataba wasema kibao ni mali ya kampuni. "Basi waje wakichukue wenyewe," alisema, "tuone watatumia dakika ngapi."