Zama za Mawe Si Tusi

Kuna maneno yanayorudi kila Kaskazini ikitajwa mitandaoni: eti watu wa huko bado wanaishi zama za mawe. Barabara mbovu, zama za mawe. Kisima kimekauka, zama za mawe. Mimi ni wa Griftu, Wajir Magharibi, na tusi hilo nililisikia hadi Nairobi, katika chuo nilichokiacha kabla ya kumaliza, kutoka kwa wenzangu ambao hawajawahi kuvuka daraja la Tana pale Garissa. Wengi wetu hujibu kwa kuorodhesha simu zetu, benki zetu na madaktari wetu. Mimi sijibu hivyo. Nasema anayelitumia tusi hilo hajui jiwe.

Hebu jaribu mwenyewe. Okota jiwe, uligonge kwa jingine. Utapata vumbi, na labda kidole kilichopondeka. Jiwe haligawanyiki vizuri eti kwa sababu umetumia nguvu. Kwanza lazima uchague: chokaa laini kama hii tuliyoikalia Wajir hupoteza makali upesi, kwa hiyo unahitaji jiwe gumu la chembe ndogo, mathalan yale meusi ya volkano ya jirani zetu wa Marsabit. Halafu utafute ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Ugonge karibu na ukingo, si katikati, kwa jiwe la kugongea linalojaa kiganjani. Ukipatia, kibanzi kinachomoka upande wa chini, chembamba, chenye makali ya kuchuna ngozi. (Kibanzi cha jiwe bana, si cha viazi.) Na kila pigo hubadilisha umbo la jiwe, kwa hiyo pigo la tatu unalifikiria kabla hujapiga la kwanza.

Haya hayakujulikana kwa kutazama kabati za makumbusho peke yake. Yalijulikana kwa sababu kuna watu walioketi chini wakavunja mawe. Louis Leakey alikuwa akijitengenezea zana za mawe na kuchunia nazo wanyama mbele ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Nicholas Toth alifanya kazi Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, akaziunda upya zana za kale. Wataalamu walikuwa wameyapanga kwa majina na makundi yale mawe makubwa yaliyochongwa, wakiyaona ndiyo zana zenyewe. Toth akaonyesha kwamba mengi yangeweza kuwa mabaki tu ya kazi, na kwamba vibanzi, vilivyokuwa vikionekana takataka, ndivyo vilivyokuwa visu. Ni kweli jaribio lina mpaka wake: linaonyesha kinachowezekana, halithibitishi kilichotokea. Lakini lilitosha kuwafanya wenye vitabu waangalie upya walichokuwa wakikipita.

Na ujuzi huo haupatikani kwa siku moja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, Justin Pargeter, Nada Khreisheh na Dietrich Stout waliwafunza watu wasiojua kitu kuchonga shoka la mkono, kwa miezi kadhaa, hadi saa 90 za mazoezi. Bado hawakulingana na mabingwa. Sasa niambie, ndugu yangu wa Nairobi, ni ujuzi gani wa mikono umewahi kuupa saa 90?

Jaribio jingine, la mwaka 2015, ndilo linaloniuma zaidi. Thomas Morgan na wenzake walichukua watu 184, wakawapa njia tano tofauti za kujifunza kutoa vibanzi. Waliobaki kumtazama tu mwenye kujua hawakupata faida kubwa. Waliofundishwa, hasa kwa mazungumzo, ndio waliosonga mbele. Linganisha na shule zetu. Sisi hatukupewa hata nafasi ya kutazama. Tulikariri: Oldowani, Asheuliani, umri, eneo, faida tatu za moto. Tukaandika, tukapewa alama, tukasahau. Sasa tuna Mtaala wa Umilisi unaosema mtoto ajifunze kwa kutenda. Sawa. Basi mpeni jiwe.

Cha kushangaza ni kwamba sisi tunaosomea duksi tunayo habari hii tayari. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya kijakazi aliyekuwa akichunga kondoo kwenye mlima Sal', Madina. Kondoo mmoja akawa anakufa. Akavunja jiwe, akamchinja nalo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaruhusu nyama iliwe. Mafakihi wakajenga hukumu juu ya habari hiyo. Walichotazama ni makali. Hakuna aliyemcheka yule mchungaji, wala kumwita mtu wa zamani. Alijua ni jiwe lipi la kuvunja, akaokoa mali ya bwana wake.

Najua jibu litakalokuja: ukame unamaliza mifugo, madarasa hayana walimu, na wewe unatuletea mawe? Ndiyo, nawaletea mawe. Shule isiyo na maabara ina uwanja. Somo hili halitaki umeme wala kompyuta. Linataka mawe magumu, miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunika vidole na kipande cha ngozi pajani, nalo lifanyike nje, maana vumbi la mawe ni sumu kwa mapafu. Mawe ya kale yaachwe yalipo, yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Na vibanzi vya wanafunzi vikusanywe na kuwekewa alama, visije vikamdanganya mtafiti wa kesho.

Halafu tuzungumze kuhusu nani anaitwa mtaalamu. Mwaka 2011 kikosi cha Sonia Harmand na Jason Lewis kilipotea njia Turkana Magharibi, kikajikuta Lomekwi. Mturkana mmoja wa kikosi hicho, Sammy Lokorodi, akasaidia kuyatambua mawe yale. Zana hizo, zilizochapishwa mwaka 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3, na kubwa kabisa lina kilo 15. Watafiti walivunja mawe ya eneo lilelile ili waelewe zilivyotengenezwa, ikiwemo kwa kuligongesha jiwe kubwa juu ya jingine lililolazwa chini. Kazi nzuri, siipingi. Lakini mara nyingi habari hizi zinaposimuliwa, mgeni anakuwa akili na mwenyeji anakuwa jicho tu. Jicho linalotenganisha jiwe lililovunjwa na mkono na jiwe lililopasuliwa na jua halizaliwi hivyo. Hilo nalo ni elimu, hata kama halina cheti.

Kwa hiyo Wizara ya Elimu na Makumbusho ya Taifa zikae pamoja. Kila shule ipate siku moja ya mawe kwa muhula, mwalimu mmoja aliyefunzwa kuchonga, na mchinjaji wa mtaani aitwe kuamua ni makali yapi yanafaa, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Na atakayetuita tena watu wa zama za mawe, msigombane naye. Mpeni jiwe na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, tukae kivulini tumsubiri amchune.