Mlevi Naye Ana Neno: Pointi za Michezo ya Video na Masikio ya Wasikilizaji

Kijana akiinama juu ya simu kutwa nzima pembeni ya hema, mzazi huona mambo mawili: chaji inaisha na kuni hazijaletwa. Mzazi huyo hana kosa. Ila ndani ya michezo mingine ya video mna jambo ambalo familia za Masisi na Walikale zingeweza kuwafundisha watengenezaji, kwa sababu wao wameliishi: namna pombe na bangi zinavyobadilisha maneno ya mtu, na zinavyobadilisha masikio ya wanaomsikiliza.

Si michezo yote. Ile ya mpira na ya bunduki, ambayo ndiyo mingi kwenye simu za vijana, haina mazungumzo ya maana. Inayosemwa hapa ni ile ambayo mchezaji anapewa mtu wa kumwigiza. Mtu huyo ana pointi: za nguvu, za akili, za ulimi mtamu na nyingine. Akikutana na watu njiani, kioo kinamwonyesha mistari ya maneno anayoweza kusema, naye anachagua mmoja. Pointi zikiwa chache, mistari mingine haitokei kabisa.

Na asiseme mtu kwamba michezo hiyo ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Koltani ya Rubaya, katika teritwari ya Masisi, hutoa tantali inayowekwa ndani ya simu na mashine za michezo. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba machimbo hayo peke yake hutoa kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya koltani ilipanda ghafla, na mwaka uliofuata ikaanguka. Waliochimba wakati ule wanaikumbuka.

Mchezo unaojulikana sana kwa pointi ni Fallout, wa Marekani, wa mwaka 1997. Mhusika hupimwa kwa mambo saba, kila moja kutoka 1 hadi 10. Ukimpa akili chini ya 4, hawezi kuunganisha maneno, ananguruma tu. Katika Fallout 2, ya mwaka 1998, waliweka kichekesho chenye hekima. Kuna mchungaji wa ng'ombe anayeitwa Torr, ambaye watu wanamwona mjinga. Mchezaji mwenye akili nyingi akiongea naye, anasikia maneno yaliyovunjika. Mwenye pointi chache za akili akiongea naye, wawili hao wanazungumza kama maprofesa. Wafugaji wa milima ya Masisi watalielewa hilo upesi kuliko watu wa mjini.

Michezo iliyofuata ilipoteza hekima hiyo. Fallout: New Vegas, ya mwaka 2010, inamdai mchezaji idadi kamili ya pointi ili amshawishi mtu. Una 50, mlango umefunguka; una 49, umefungwa. Waliokaa barazani kusuluhisha ugomvi wa shamba wanajua kwamba mzee hasikilizwi kwa ajili ya ulimi wake tu. Anasikilizwa kwa sababu ya ukoo wake, deni analodaiwa, na siku ile aliposema jambo likaonekana kweli.

Kwenye ulevi kasoro ni kubwa zaidi. Fallout 2 ina mji wa wachimba dhahabu, Redding. Wachimbaji wamenaswa na dawa ya kulevya inayoitwa Jet, inayoletwa na wakubwa wa mji mwingine, New Reno. Hapo mwandishi alikaribia sana mambo ya kwetu. Kwenye machimbo mengi hadithi ni ileile: kanyanga inauzwa hatua chache kutoka shimoni, kwa mkopo, na bosi wa shimo, yule wanayemwita PDG, hana haraka ya kuiondoa, maana mwenye deni harudi nyumbani.

Lakini tazama linavyokwisha. Muganga wa mji mwingine anapata dawa ya kuvunja Jet, mtu anaitumia, basi. Katika michezo ya baadaye unamlipa daktari kwa vifuniko vya chupa, ambavyo ndivyo pesa ya huko, na pointi zako zinarudi papo hapo. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Mke hayupo, mwenye baa hayupo. Australia nayo ilipoikataa Fallout 3 mwaka 2008 kwa sababu ya morfini, jina la dawa lilibadilishwa kuwa Med-X, mchezo ukapita.

Ukweli si huo. Mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla hutetemeka, hutoka jasho, wengine hupata degedege na hata kufa. Hilo ni jambo la kupelekwa kituo cha afya, si la kufungiwa chumbani ili ajifunze adabu.

Uliokaribia zaidi ni Disco Elysium wa mwaka 2019, kazi ya kundi lililoanzia Estonia. Mhusika ni polisi mpelelezi anayeamka baada ya ulevi mzito, hakumbuki hata jina lake. Ana vipawa 24, na kila kimoja kina sauti kichwani mwake. Kimoja kinamsukuma: tafuta sigara, tafuta chupa. Akinywa, pointi za mwili zinaongezeka. Watengenezaji hawakuogopa kusema kwamba pombe hutoa kitu. Anayekunywa kabla ya kushuka gizani shimoni anajua inampa nini, na mahubiri yanayoanza kwa kumwambia haimpi chochote yanamkuta ameshaacha kusikiliza. Tena katika mchezo huo watu hawasahau: msimamizi wa hoteli anamdai fedha ya uharibifu alioufanya usiku ule.

Njia hiyo ndiyo ya kufuata. Pointi zisimfunge mtu mdomo. Aachwe aseme, na tofauti ionekane katika majibu anayopata.

Mfikirie mlevi wa kijiji fulani kati ya Nyabiondo na Kibua. Saa nne usiku anarudi akiyumba, anasema ameona watu wenye bunduki wakivuka mto. Amewahi kudanganya mara tatu. Kwenye mchezo wa pointi, ulimi wake una 2, basi mstari wa kuwaonya majirani haumtokei. Anapita kimya akalale. Hiyo ni hadithi mbovu. Afadhali mstari umtokee, auseme kwa ulimi mzito, na kazi ibaki kwa wanaomsikia: dada anayejua sauti yake akisema kweli hata akiwa amekunywa, jirani anayemdai, chifu aliyechoka naye. Nani atafunga mizigo? Waliokimbia Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre mwezi Machi, wanajua kwamba habari ya kukimbia haichagui kinywa.

Hata maigizo ya redio yana kosa hilo. Mlevi akiingia, sauti inapindishwa, watu wanacheka, anatoka. Ni mara chache anapewa neno ambalo wengine walipaswa kulisikia.

Vijana wanaojifunza kuandika programu huko Goma siku moja watatengeneza michezo yao. Waandike na kupona pia, kwa mazungumzo. Mama anamkuta mwanawe mlangoni asubuhi, na kioo kinampa mistari mitatu. «Umekunywa tena?» «Fedha ya chumvi iko wapi?» «Keti mwanangu, chakula kipo.» Miwili ya kwanza huwa wazi kila siku, mama hahitaji kuitafuta. Wa tatu usidai pointi, udai siku. Kijana arudi mzima leo, arudi mzima kesho, keshokutwa aanguke, na asubuhi inayofuata mstari uwe bado upo.