Maji Kwanza, Fidia Baadaye

Kila tukizungumzia usalama wa viwanda vya kwetu Tanzania, tunaishia kwenye fidia. Sikatai, fidia ni haki. Sheria ya zamani ilimpa mwenye ulemavu wa kudumu si zaidi ya shilingi 108,000, aibu tupu! Sheria ya 2008, na Mfuko wa WCF ulioanza kazi 2015, vimeiondoa aibu hiyo. Lakini fidia hairudishi jicho.

Chukueni kostiki soda. Ipo viwanda vya sabuni, na viwanda vya bia na soda huitumia kuoshea chupa. Watu wanaogopa tindikali, kostiki wanaiona kitu cha sabuni tu. Kumbe kwa jicho kostiki kwa kawaida ni mbaya zaidi. Tindikali nyingi hugandisha nyama ya juu, na mgando huo huizuia kidogo isizame. Kostiki inayeyusha mafuta ya mwili na kuzidi kwenda ndani, na maumivu mara nyingine huchelewa. Kijana anajipangusa kwa kitambaa, anarudi kazini. Au wenzake wanamwagia siki, eti kuvunja nguvu. Hapana jamani! Ikiwa ni unga, upanguswe kwanza. Kisha maji safi, mengi, papo hapo, nguo zikivuliwa huku maji yanatiririka, dakika 20 au zaidi.

Hapa Marekani sheria inadai maji ya kuoshea macho na mwili haraka palipo na kemikali za kuunguza. Kiwango kinachofuatwa ni kuyafikia ndani ya sekunde 10, nayo yatoke dakika 15. (Msidhani huku ni peponi, vibarua wa mawakala, wengi wao wageni kama sisi, bado wanaungua.) Lakini utaalamu gani wa ajabu huo? Tangi na bomba!

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mkaguzi ruhusa ya kuingia kiwandani. Basi akifika asianzie ofisini kwenye mafaili na chai ya meneja. Aende penye pipa la kostiki, amtafute kibarua aliyeokotwa getini asubuhi ile, amwambie: funga macho, nenda kwenye maji. Ahesabu sekunde. Kijana akibaki anapapasa ukuta, mtambo usimame siku hiyo hiyo.