Ni Mnyama Gani Mwenye Nguvu?

Hapa Tabora vijana wetu hubishana chini ya miembe: simba na nyati wakipigana, nani atashinda? Na tembo je? Wengine hugombana hata kukosana. Sisi twasema, wote wamekosa.

Itazameni njia ya zamani, itokayo Bagamoyo hata Ujiji. Kwa nini pembe na nguo zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu, wala si kwa punda na ng'ombe? Sababu moja kubwa ni mbung'o, nzi wa miomboni. Nyati huchukua vijidudu vya malale damuni mwake asiugue. Bali ng'ombe wetu hufa kwa nagana, na mtu mwenye malale asipotibiwa hufa.

Simba akija, kijiji kizima hutoka na mikuki. Mbung'o huja mchana, nasi twampiga kofi tu, tukaendelea na safari. Mrina asali akirudi na homa, twasema amechoka!

Basi, ndugu, acheni ubishi huo. Tutege mbung'o kwa vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa; na mwenye homa atokaye porini apelekwe hospitali upesi, apimwe damu. Mdharau mwiba mguu huota tende.