Sunny Ni Kiboko!

Gari la Utete likikuchelewesha hapo Nyamwage, usikae bure. Tafuta Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor ya mwaka 2011. Kiingereza chake chepesi, na ukianza huiachi!

Sunny ni binti wa miaka 12, mwenye ualbino, anaishi Aba, Nigeria. Soka anaipenda, jua linamkatalia. Mara anagundua ana uchawi! Yeye na wenzake watatu wanamsaka mtu anayeteka watoto.

Hapa kwetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, eti viungo vyao vinaleta utajiri. Humu binti hawindwi, yeye ndiye anayewinda! Wewe unayehama kiti dada kama huyo akikaa karibu yako, kisome, halafu rudi umsalimie. Wiki ijayo, jamani!