Mbegu Iliyo Kivulini Haijafa



Wengi wetu tunaopanda mboga uani tumewahi kuilaumu mbegu. Tumemwaga saladi kitaluni chini ya mwembe, tumeinyunyizia maji asubuhi na jioni, siku kumi zikapita bila dalili. Tukasema: mbegu imekufa, fedha zimepotea. Juma hili tuichunguze hukumu hiyo.

Mbegu ndogo kama ya saladi haina akiba kubwa ya chakula. Ikichipua mahali penye giza, huishiwa nguvu kabla ya kulifikia jua. Kwa hiyo Mola ameijaalia kuupima mwanga kwanza. Majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu na kuupitisha ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu huuona kwa shida. Mbegu iliyo chini yake hutambua kwamba juu yake yuko jirani aliyeitangulia, nayo hungoja.

Mwaka 1952, wataalamu wa Beltsville, Marekani, walizimulika mbegu za saladi kwa zamu. Zilipomaliziwa kwa mwanga mwekundu, nyingi ziliota. Zilipomaliziwa kwa ule wa mbali, nyingi zililala. Mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Kunde na mahindi, zenye akiba nono, huota hata gizani.

Basi kitalu cha saladi kisiwe chini ya mti, na mbegu ifunikwe kwa udongo mwembamba mno. Tena, kwa kuwa joto kali la pwani nalo huizuia saladi kuota, tukisitiri kitalu kwa makuti makavu yaliyoachiwa nafasi. Hayo hupunguza joto, na miale ipenyayo kati yake hubaki kama ilivyotoka juani.

Katika Surat Al-An'am, aya ya 95, tunakumbushwa ni nani aichanuaye mbegu. Kazi yetu ni kuondoa kizuizi tu. Na huenda nyumbani mna mtoto aliyezaliwa nyuma ya nduguze hodari, ambaye kila akifungua kinywa hujibiwa na wengine, nasi tumekwisha kumwita mzito. Kabla ya kumhukumu, tumtenge naye saa moja, tumsikilize peke yake. Pengine kivuli kilichomfunika ni chetu sisi wazazi.

Wabillahi tawfiq.